Taa ya daktari wa macho: Ukali, muda na mkono wa mpimaji

JICHO haliwezi kuchunguzwa gizani. Daktari anayetaka kuiona retina, yaani ule utando mwembamba uliotandazwa upande wa ndani wa nyuma ya jicho na ambao hupokea taswira na kuipeleka kwenye ubongo, sharti apitishe mwangaza katika tundu la mboni, na mwangaza huo uwe mkali kiasi cha kuingia, kugonga utando na kurejea nje ukiwa na habari. Hapo ndipo palipo na utata ambao umewashughulisha wataalamu kwa zaidi ya nusu karne. Utando unaotazamwa ndio huo huo unaoweza kuharibiwa na mwangaza ukizidi.

Wagonjwa huuliza swali hili kwa namna yao. Mtu hutoka katika chumba cha uchunguzi akiwa na doa la zambarau au la kijani linalomwandama kila atazamapo, na hurudi nyumbani akihofia kwamba taa ya daktari imemchoma. Akisimulia hayo kwa jirani aliye na kisukari, huenda jirani naye akaahirisha miadi yake. Kisukari hakimngoji mtu, na retina iliyovuja damu kwa mwaka mzima bila kuonekana haitibiki kwa urahisi kama ile iliyogunduliwa mapema.

Jibu fupi ni kwamba uchunguzi wa kawaida, unaofanywa na mtu aliyehitimu kwa kifaa kilicho timamu, haumharibii mtu macho. Hata hivyo, jibu hilo ni la juujuu. Usalama huo hautoki katika kifaa peke yake, bali katika hesabu ya vitu viwili: ukali wa mwangaza na muda ambao mwangaza huo unatua mahali pamoja. Kifaa kile kile kilicho salama kwa sekunde 20 kinaweza kuvuka kikomo kikiachwa kikiwaka kwa ukali wake wote kwa dakika kadhaa. Mwenye kuamua ni mpimaji, na ndiyo sababu mada hii inamhusu afisa wa kliniki wa wilayani sawasawa na profesa wa hospitali kuu.

Chombo cha kwanza cha kuangalia ndani ya jicho la mtu aliye hai kilibuniwa na Hermann von Helmholtz, mwanasayansi wa Ujerumani, aliyekitangaza Berlin mwezi wa Desemba 1850 na kukiandikia kitabu mwaka uliofuata. Alitumia vipande vya kioo kurudisha mwanga wa taa ya mafuta hadi ndani ya mboni. Taa ya namna hiyo ilikuwa hafifu mno kumdhuru mtu, na kwa muda mrefu matabibu walilalamikia uhaba wa mwangaza wala si wingi wake. Mnamo 1911, mwaka ule ule aliotunukiwa Tuzo ya Nobeli, Allvar Gullstrand wa Uswidi alionyesha kifaa kinachotoa mwale mwembamba kama ukingo wa kadi, na ambacho leo hii kinapatikana karibu katika kila kliniki ya macho: taa ya mwanya. Katika miaka ya 1940 Mbelgiji Charles Schepens akaunda taa ya kuvaliwa kichwani, inayomwezesha daktari kuitazama retina kwa macho yake yote mawili. Kila hatua ilidai balbu iliyo kali kuliko iliyotangulia.

Kwamba mwangaza huweza kuunguza retina lilikuwa jambo linalojulikana tangu kale, kutokana na watu waliolikodolea macho jua likipatwa. Julai 9, 1945 jua lilipatwa barani Ulaya, na daktari kijana wa Ujerumani, Gerd Meyer-Schwickerath, akamwona mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa na kovu katikati ya retina kwa sababu ya kulitazama tukio hilo. Wengine waliona jeraha, yeye akaona tiba. Alianza kuunguza kwa makusudi sehemu ndogo za retina zilizotaka kubanduka, kwanza kwa kunasa miale ya jua kwa vioo, kisha kwa taa maalumu, na mwaka wa 1949 akawatibu wagonjwa mjini Hamburg. Tiba za leza za leo zimetokana na fikra hiyo. Wakati huo, hata hivyo, ilidhaniwa kuwa mwangaza hudhuru kwa njia moja tu, nayo ni joto.

Joto, na kisichokuwa joto

Dhana hiyo ilibomolewa mwaka wa 1966. Werner Noell, aliyekuwa akifanya utafiti Buffalo, Marekani, alionyesha kuwa panya waliowekwa kwa saa nyingi katika mwangaza usiotosha kabisa kuunguza chochote walipoteza seli za kupokea mwanga katika retina zao. Miaka 10 baadaye, mnamo 1976, William Ham, Harold Mueller na David Sliney walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya majaribio yao kwa nyani. Waligundua kwamba mwanga wa samawati, wenye urefu wa mawimbi wa karibu nanomita 440, ulidhuru retina kwa kiasi kidogo mno cha nishati ikilinganishwa na mwanga mwekundu, na kwamba joto la retina lilikuwa halijapanda kiasi cha kuiunguza. (Nanomita moja ni sehemu ya milioni moja ya milimita, macho ya binadamu huona kuanzia karibu 400, ambayo ni zambarau, hadi karibu 700, ambayo ni nyekundu.)

Ni muhimu msomaji atofautishe aina hizi mbili za madhara. Dhara la joto hutokea papo hapo, mithili ya kidole kilichogusa sufuria. Likipita kikomo, nyama huiva. Lisipopita, damu inayozunguka nyuma ya retina huliondoa joto hilo na hakuna kinachobaki. Dhara la pili ni la kikemia. Mwanga wa samawati unapofyonzwa na seli huzalisha chembechembe haribifu zinazokula utando wa seli hizo. Mwili unao uwezo wa kuzisafisha na kurekebisha, lakini kwa mwendo wake. Mwangaza ukiongezwa juu ya mwangaza kabla ukarabati haujakamilika, madhara hujumlishwa.

Kutokana na hayo, kanuni ya dhara la kikemia ni kuzidisha: ukali mara muda. Mpimaji akipunguza mwangaza kwa nusu, amejipatia muda maradufu kabla ya kufikia kikomo. Akiupunguza hadi robo, amepata mara nne. Hakuna kinga nyingine katika taaluma hii iliyo rahisi kiasi hicho wala isiyogharimu chochote, na ni ajabu kwamba vitabu vingi vya mafunzo huipitia kwa sentensi moja.

Kunayo pia miale ya urujuanimno, isiyoonekana, ambayo huathiri zaidi sehemu ya mbele ya jicho. Mafundi wa jua kali wanaochomelea vyuma bila ngao wanaijua vyema: jioni macho huwasha kana kwamba yametiwa mchanga. Hiyo ni konea iliyochubuka, nayo hupona kwa siku moja au mbili. Taa za kupimia macho zilizoundwa ipasavyo huichuja miale hiyo, na hivyo si shida kubwa ya kliniki, mradi kichujio hakijang'olewa wala balbu haijabadilishwa kiholela.

Kinga za jicho na namna zinavyoondolewa

Jicho lina kinga zake. Mwangaza ukizidi mboni hunywea, kope hufumba kwa takriban robo sekunde, kichwa hugeuka, na hata mtu akikaza macho, jicho huendelea kutikisika kidogo kidogo hivi kwamba mwangaza hautui mahali pamoja. Lenzi asilia iliyo nyuma ya mboni nayo huzuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno, na kadiri umri unavyosonga hugeuka rangi ya manjano na kuchuja hata samawati.

Ukiichunguza orodha hiyo utaona kuwa uchunguzi wa macho huziondoa kinga hizo moja baada ya nyingine. Matone ya kutanua mboni huizuia isinywee. Mboni iliyotanuka kutoka milimita 3 hadi 7 huingiza mwangaza zaidi ya mara 5, kwa kuwa kinachoongezeka ni eneo la duara wala si upana tu. (Watu wenye macho meusi, kama walivyo Wakenya wengi, mara nyingi huhitaji kungoja zaidi au kuongezwa tone jingine, kwa sababu rangi ya jicho hunasa sehemu ya dawa.) Mgonjwa huambiwa asifumbe, asigeuke, atazame sikio la daktari. Mtoto mchanga huzuiwa kope kwa waya mdogo. Aliye chini ya nusukaputi hana hata uwezo wa kulalamika.

Maumivu nayo si kipimo. Retina haina mishipa ya fahamu ya kuhisi maumivu, na mwanga unaodhuru kwa njia ya kemia hauumi. Mgonjwa anayesema taa inamsumbua anazungumzia usumbufu wa mng'ao, ambao ni kitu kingine, ingawa ni busara mpimaji amsikilize, kwa kuwa taa inayosumbua mara nyingi ni taa iliyowashwa kupita haja.

Vifaa vyenyewe

Vifaa haviko sawa. Mashine inayowekwa katika maduka mengi ya miwani, ile inayomwonyesha mtu picha ya puto au ya nyumba mwishoni mwa barabara, hupima kwa miale ya infraredi isiyoonekana na iliyo hafifu. Haina haja ya kuhofiwa. Kurunzi ya mkononi ambayo daktari huisogeza hadi karibu ashikane pua na mgonjwa, inayojulikana kama oftalmoskopu, humulika eneo dogo la retina na kwa kawaida hutumiwa kwa sekunde chache kwa kila jicho.

Taa ya mwanya ndiyo inayostahili uangalifu zaidi katika kliniki ya kila siku. Mgonjwa huegemeza kidevu na paji la uso, na daktari akishika lenzi ndogo mbele ya jicho huuona mshipa mkuu wa macho na eneo la katikati ya retina kwa ukubwa na uwazi wa ajabu. Uwazi huo hutoka katika mwale uliokusanywa. Ukali ukifunguliwa hadi mwisho na mwale ukatuama katikati ya retina, ambako ndiko uwezo wa kusoma na kutambua nyuso unakotegemea, muda wa usalama huwa mfupi. Mpimaji mzoefu hufanya mambo matatu bila hata kufikiri: huanza na mwanga wa chini, huufanya mwale kuwa mwembamba na mfupi, na huuhamisha huku na huko badala ya kuutua. Mwanafunzi anayejifunza hufanya kinyume. Huwasha taa yote kwa kuwa haoni kitu, na hukaa hapo hapo kwa kuwa bado haoni kitu. Baada yake huja mwanafunzi wa pili na wa tatu, kwa jicho lile lile la mgonjwa mpole ambaye ugonjwa wake ni nadra na unafaa kwa mafunzo. Hospitali za kufundishia zina wajibu wa kuhesabu muda huo kwa jumla, si kwa kila mwanafunzi peke yake.

Taa ya kichwani hueneza mwanga kwenye eneo pana zaidi na daktari husogea muda wote akizunguka pembe za retina, hivyo mwangaza hugawanyika. Kamera ya retina hutoa mweko wa sehemu ndogo sana ya sekunde. Mweko huo ndio unaoacha lile doa la zambarau, ambalo ni matokeo ya rangi za seli kufifia na ambazo hurejea baada ya dakika chache. Mashine za OCT, ambazo teknolojia yake ilitangazwa mwaka wa 1991, hupiga picha za matabaka ya retina kwa mwale wa infraredi ulio chini ya milwati moja katika mashine nyingi, na mgonjwa huona mstari mwekundu hafifu tu. Kwa mtazamo wa usalama wa mwangaza, mashine hiyo ya bei ghali ni pole kuliko taa ya mwanya iliyo karibu nayo.

Majeraha mengi yaliyoandikwa katika majarida ya tiba hayakutokana na uchunguzi bali na upasuaji. Mnamo 1983 madaktari wawili wa Marekani, McDonald na Irvine, walieleza habari za wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na baadaye wakakutwa na alama katika retina, zenye umbo la taa ya hadubini ya chumba cha upasuaji. Jicho lilikuwa limetuama kwa muda mrefu chini ya taa moja, bila kope na bila kugeuka. Tangu hapo hadubini hizo zimetiwa vichujio, madaktari wamejifunza kuinamisha taa pembeni au kuifunika pale isipohitajika, na upasuaji wenyewe umefupishwa.

Badiliko kubwa la miaka ya karibuni ni kuondoka kwa balbu za halojeni na kuingia kwa taa za LED. Taa hizi hazitoi joto jingi wala miale ya urujuanimno, hudumu kwa miaka na hutumia betri kidogo, jambo ambalo ni neema kwa zahanati isiyo na umeme wa uhakika. Lakini LED nyeupe huundwa kwa chembe inayotoa samawati ya karibu nanomita 450, iliyopakwa unga wa kuigeuza rangi, na kilele hicho kinakaribia mno eneo lile alilolitahadharisha Ham. Isitoshe, halojeni ikipunguzwa ukali hugeuka kuwa ya manjano, yaani samawati hupungua upesi zaidi. LED ikipunguzwa hubaki na rangi ile ile. LED yenye weupe wa vuguvugu haina tofauti kubwa na halojeni, ilhali ile yenye weupe wa barafu inataka mkono mwepesi. Anayenunua vifaa kwa ajili ya hospitali hana budi kuuliza ni weupe upi.

Simu nayo imeingia katika chumba cha uchunguzi, na kwa hili Kenya ina nafasi yake katika historia. Daktari Andrew Bastawrous na wenzake walifanya utafiti wao mkubwa wa macho katika eneo la Nakuru, na mwaka wa 2016 wakachapisha matokeo ya kifaa kidogo kinachobandikwa kwenye simu ili kupiga picha za mshipa wa macho, ambazo ziliweza kulinganishwa na zile za kamera ya hospitali. Je, taa ya simu ni salama? Watafiti Kim, Delori na Mukai wa Marekani waliipima simu ya iPhone 4 mwaka wa 2012 na kukuta kuwa mwangaza wake ulikuwa chini sana ya vikomo vya kimataifa. Hiyo ni habari njema, ila ni habari ya simu hiyo. Simu zimeongezeka ukali tangu hapo, na mtu anayebandika lenzi kwenye simu yoyote aipatayo hana kibali cha kutumia jibu lililotolewa kwa nyingine.

Vikomo na kijitabu kilichopotea

Shirika la kimataifa la viwango, ISO, lilitoa mwongozo wa vifaa vya macho mwaka wa 1997, na mwaka wa 2007 likatoa sehemu maalumu inayohusu hatari ya mwangaza, iitwayo ISO 15004-2. Toleo hilo liliviweka vifaa katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la vile ambavyo mwangaza wake hauwezi kuvuka kikomo kwa matumizi yoyote ya kawaida. Kundi la pili ni la vile vinavyoweza kuvuka, na ambavyo mtengenezaji hulazimika kumweleza mtumiaji ni baada ya muda gani, kwa kipimo cha jouli 10 kwa kila sentimita mraba ya retina, baada ya kuupa mwanga wa samawati uzito unaostahili. Kikomo hicho kimewekwa chini ya kiwango kinachojulikana kudhuru, ili kuacha nafasi ya usalama. Kukivuka kidogo si sawa na kupofuka.

Maelezo yanayoambatana na taa za kundi la pili huwa na tahadhari inayofanana: mwangaza usitumike kwa muda usiohitajika, watoto wachanga, watu wasio na lenzi ya jicho na wale wenye macho yenye maradhi wamo hatarini zaidi, na hatari huongezeka iwapo mgonjwa alimulikwa kwa kifaa hicho au kingine katika muda wa saa 24 zilizopita, hasa ikiwa alipigwa picha za retina. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika upesi. Mgonjwa hupimwa asubuhi katika hospitali ya kaunti, akapewa barua, na alasiri akapimwa upya katika hospitali ya rufaa kwa taa tatu tofauti. Hakuna aliyekosea, lakini pia hakuna aliyejumlisha.

Tahadhari iliyoandikwa kijitabuni ina maana iwapo kijitabu kipo. Vifaa vingi vya macho katika nchi zinazoendelea ni vya msaada, na baadhi hufika vikiwa vimetumika kwa miaka, bila maelezo na bila balbu za akiba. Balbu ikiungua, fundi hutafuta inayoingia. Ikiingia na ikawaka, kazi huendelea, ingawa huenda ina nguvu zaidi ya ile iliyokusudiwa, au kioo chake hakizuii urujuanimno. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa misaada ya vifaa vya tiba mwaka wa 2011 likisisitiza kuwa kifaa kinapaswa kuandamana na maelezo na vipuri. Humu nchini, ambako sehemu kubwa ya huduma za macho nje ya miji hutolewa na maafisa wa kliniki waliosomea fani hiyo, karatasi moja iliyobandikwa kando ya taa, yenye aina ya balbu na muda wa kikomo, ingeziba pengo kubwa.

Walio katika hatari zaidi

Watoto waliozaliwa kabla ya wakati hutangulia. Mishipa ya damu ya retina zao haijakomaa na huweza kukua ovyo hadi kuibandua retina, hivyo hulazimika kupimwa majuma machache baada ya kuzaliwa na kurudiwa kila wiki au kila wiki mbili. Lenzi zao ni angavu mno na hupitisha mwanga wa samawati kwa wingi. Kwa muda ilishukiwa kwamba mwangaza wa wodini ndio uliosababisha ugonjwa wenyewe, lakini utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka wa 1998 ulionyesha kuwa kuwafunika watoto macho hakukupunguza ugonjwa huo. Kutowapima ni kuwahukumu baadhi yao upofu. Basi hupimwa, kwa mwanga wa chini unaotosha na kwa haraka.

Kundi la pili ni la watu wasio na lenzi kabisa. Kabla ya lenzi za bandia kuenea, waliotolewa mtoto wa jicho walibaki bila lenzi na kuvaa miwani minene. Wazee wa aina hiyo wangalipo vijijini, na retina zao hupokea miale ambayo kwa watu wengine ingezuiwa njiani. Lenzi za bandia za kisasa zina kichujio.

Wapo pia wenye magonjwa ya kurithi ya retina. Mwaka wa 2005 Artur Cideciyan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliripoti kwamba mbwa wenye hitilafu fulani ya kurithi, inayofanana na moja ya zile zinazowapata binadamu, waliharibika retina baada ya kumulikwa kwa viwango vya mwangaza vinavyofanana na vya kupigia picha za kawaida za kliniki, ilhali mbwa wazima hawakudhurika. Mbwa si binadamu, na hitilafu hiyo ni moja kati ya nyingi, lakini ni sababu tosha ya kupunguza mwangaza kwa mgonjwa ambaye ndugu zake wamekuwa wakipofuka usiku tangu ujanani. Vilevile, aliyetiwa dawa ya verteporfin inayowashwa kwa mwangaza, itumikayo kutibu mishipa mibovu ya retina, hutakiwa kujikinga na mwangaza mkali kwa siku 5.

Mambo hayo mgonjwa anaweza kuyataja mwenyewe kabla taa haijawashwa: kwamba alipimwa jana kwingineko, kwamba hana lenzi, kwamba kuna upofu wa kurithi katika ukoo, kwamba anatumia dawa fulani. Ni haki yake pia kuomba mwanga upunguzwe au apewe nafasi ya kupumzisha macho. Mpimaji hapotezi chochote kwa kusitisha kwa nusu dakika.

Upande wa pili wa mizani ni mzito. Mwenye kisukari huagizwa kupimwa retina angalau mara moja kwa mwaka kwa sababu hasikii dalili hadi maji yazidi unga. Presha ya macho, yaani glakoma, hula mshipa wa macho kimyakimya, na uoni uliopotea haurudi. Mtoto ambaye mboni yake hung'aa nyeupe katika picha ya simu huenda ana saratani ya jicho, ambayo ikigunduliwa mapema hutibika na ikicheleweshwa huua. Kipimo cha kwanza ni kurunzi ya daktari kwa sekunde chache. Mwangaza unaohofiwa na mzazi kwa sababu ya mtoto huyo ni mdogo kuliko ule ambao mtoto anaupokea akicheza nje adhuhuri.

Baada ya uchunguzi, mboni iliyotiwa matone hukaa wazi kwa saa kadhaa, kwa kawaida 4 hadi 6 na wakati mwingine zaidi. Mgonjwa asiendeshe gari wala pikipiki katika muda huo, na avae miwani ya jua au kofia yenye ukingo mpana akitoka, hasa kama ana safari ndefu. Doa la mweko hutoweka kwa dakika chache. Lakini kivuli kinachobaki katikati ya uoni, mistari iliyonyooka inayoonekana imepinda, au maandishi yanayokosa herufi ya kati, iwapo vitakuwapo kesho yake, ni sababu ya kurudi. Arudipo aeleze ni vifaa vipi vilivyotumika na kwa muda gani, kwani picha ya OCT huweza kuonyesha iwapo tabaka la seli za kupokea mwanga limeguswa au la. Kwa wengi walioguswa, uoni huimarika polepole katika majuma au miezi inayofuata. Wengine hubaki na doa dogo. Mara nyingi zaidi, uchunguzi huo wa pili hugundua kwamba kivuli kilikuwapo hata kabla ya taa kuwashwa, na kwamba ndicho kilichomleta mgonjwa hospitalini.